UZI: Kuona kwa mbali na kubashiri yajayo. Jaribio linafanywaje, linavujia wapi, na hesabu inapigwaje

#1 Mpimaji

Wakuu, salaam.

Mada ya "kuona kwa mbali" ikiletwa jukwaani huishia kwenye kambi mbili: wanaosema CIA walishathibitisha, na wanaosema ni uganga wa Kizungu. Kambi zote zinaruka kitu kimoja, yaani jaribio lenyewe. Nani anakaa wapi, nani anajua nini, bahasha inafungwa na nani, alama zinatolewaje. Uzi huu ni wa hayo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: katika fani hii matokeo mengi hayaamuliwi na anayeona, yanaamuliwa na anayelinganisha. Ukitaka kujua kama jaribio ni safi, mwache mtazamaji na mfuate mwamuzi.

Maneno nitakayotumia: *mtazamaji* ni yule anayejaribu kueleza kitu asichokiona. *Shabaha* ni hicho kitu, iwe mahali au picha. *Maelezo* ni alichosema au kuchora. *Mwamuzi* ni anayepewa maelezo na shabaha kadhaa kisha anazipanga kwa kufanana.

Mwaka 1972 wanafizikia wawili wa leza, Harold Puthoff na Russell Targ, walianza kazi hii SRI (taasisi ya utafiti ya Stanford), Menlo Park, California, kwa fedha za CIA. Mtazamaji wao wa mwanzo alikuwa msanii Ingo Swann. Utaratibu uliowapa jina ulikuwa hivi. Yapo maeneo mengi yaliyoandaliwa, yote ndani ya mwendo wa gari wa dakika 30. Kikundi kimoja kinapewa bahasha iliyochaguliwa kwa nasibu, kinaifungua kikiwa kimeshaondoka, kinakwenda eneo hilo na kukaa dakika 15. Wakati huohuo mtazamaji yuko maabara na msimamizi asiyejua shabaha, anaeleza na kuchora, kinasa sauti kimewashwa. Baadaye mtazamaji anapelekwa eneo lenyewe akalione. Mfululizo ukifika maeneo 9, mwamuzi anapewa maelezo yote 9, anazunguka kila eneo na kuyapanga kuanzia 1 mpaka 9.

Kwa bahati tupu unategemea eneo 1 kati ya 9 lipate maelezo yake sahihi kwenye nafasi ya kwanza. Mtazamaji mwingine, Pat Price, aliyewahi kuwa kamishna wa polisi Burbank, alipata 7. Kazi hiyo ikatoka jarida la Nature Oktoba 1974, na kwa urefu zaidi kwenye jarida la wahandisi wa umeme la Marekani Machi 1976.

Naachia hapo kwanza, nijue mnaniuliza nini.

#2 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mkuu, 7 kati ya 9 ni nyingi mno. Hapo si pametosha? Kama mwamuzi hakuambiwa kitu, aliyajuaje?

#3 Mpimaji

Dada, swali lako ndilo waliloliuliza David Marks na Richard Kammann wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Walijaribu wenyewe mara 35, hawakupata kitu. Wakaomba maelezo ghafi ya Price, na jibu lao likatoka Nature mwaka 1978.

Maelezo yale yalikuwa mazungumzo yaliyonakiliwa neno kwa neno, na ndani yake msimamizi na mtazamaji walikuwa wakizungumza mambo ya jana na juzi. Mahali fulani msimamizi anamtia moyo mtazamaji kwa kutaja mafanikio matatu yaliyokwisha kupatikana. Mahali pengine panatajwa kwamba hili ni eneo la pili la siku hiyo, au panarejewa shabaha za jana. Sasa mwamuzi alikuwa na orodha ya maeneo kwa mpangilio uleule yalivyotumika. Ukiona "tumeshafanikiwa mara tatu" unajua uko jaribio la nne, unakwenda kwenye eneo la nne kwenye orodha. Marks alionyesha kwamba dokezo hizo peke yake zinatosha kuoanisha maelezo na maeneo bila hata kwenda kuyaona.

Ukisoma hapo utaona si lazima mtu awe ametapeli. Kinasa sauti kilinasa kila kitu, mpiga chapa akaandika kila kitu, na mwamuzi akasoma kila kitu. Watu watatu wamefanya kazi yao vizuri na jaribio limekufa.

#4 KijanaWaMaabara

Tuwe waadilifu, mkuu. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Charles Tart pamoja na Puthoff na Targ walirudi kwenye Nature. Waliyachukua maelezo ya Price, wakafuta dokezo zote, wakayapeleka kwa mwamuzi mpya, na matokeo yakabaki 7 kati ya 9. Hilo hukulitaja.

#5 Mpimaji

Umesema kweli na ni haki litajwe. Litajwe pia la 1986: Marks na Christopher Scott, kwenye Nature hiyohiyo, walisema dokezo hazikuwa zimeisha.

Ila kuna tundu jingine ambalo kufuta maneno hakulizibi. Shabaha ikishatumika hairudishwi kapuni, na mtazamaji anapelekwa kuiona kila baada ya jaribio. Kwa hiyo jana akiwa amepelekwa kwenye bwawa la kuogelea, leo hataeleza bwawa. Mwamuzi naye akiyasoma maelezo yote 9 pamoja anaona yepi hayana maji kabisa. Maelezo 9 hayako huru, yanajuana. Hesabu ya uwezekano iliyotumika inadhani kila jaribio linasimama peke yake.

Dawa ni mojawapo kati ya hizi: rudisha shabaha kapuni ili iweze kutoka tena, au kila jaribio liwe na kifurushi chake cha shabaha 5 na liamuliwe kabla jingine halijaanza. Maabara zilizofuata zilichukua njia ya pili.

#6 Mwana wa Kisauni

Ndugu zangu, na ile ya winchi ya Semipalatinsk je? Price alichora winchi kubwa inayotembea juu ya reli kwenye kituo cha siri cha Wasovieti, na kweli ilikuwepo. Hiyo haina mwamuzi wala orodha.

#7 KijanaWaMaabara

Ndiyo, mchoro wa winchi ni wa mwaka 1974, na unafanana na kilichokuwepo. Lakini umeigusa shida yenyewe: haina mwamuzi wala orodha, basi haina kipimo. Price alieleza mambo mengi kuhusu kituo kile na mengi hayakuwepo. Ukitoa kauli mia halafu nikachagua iliyoingia, sijapima kitu. Swali lingekuwa: maelezo yaleyale yakilinganishwa na vituo vingine vinne vya kijeshi, mtu asiyejua angechagua Semipalatinsk? Winchi za namna ile ziko bandari nyingi na viwanda vingi.

Programu ile ya serikali ya Marekani ya kuona kwa mbali ilibadilishwa majina (Gondola Wish, Grill Flame, Center Lane, Sun Streak, mwisho Star Gate), kikosi cha jeshi kikikaa Fort Meade, Maryland. Ilikula takriban dola milioni 20. Mwaka 1995 CIA waliagiza tathmini kutoka taasisi ya utafiti ya AIR, wakaletwa watu wawili: Jessica Utts, mtakwimu, na Ray Hyman, mwanasaikolojia. Utts alisema takwimu zinaonyesha kitu kipo. Hyman alikubali kwamba namba zinapita bahati, akakataa kwamba hilo linathibitisha chochote, na moja ya sababu zake ni hiyohiyo ya mleta mada: majaribio ya miaka ya mwisho yaliamuliwa na mtu mmoja, naye ni mkuu wa mradi, Edwin May. Hapo hatusemi alidanganya. Tunasema kama mwamuzi mwingine hapati matokeo hayo, hatujui tumepima uwezo wa nani.

Na kwa wanaopenda "CIA walithibitisha": ripoti ile ilihitimisha kwamba hakuna mahali habari za watazamaji ziliwahi kutumika kuongoza operesheni ya kijasusi. Wakafunga.

#8 Bahasha Khaki

Historia tumeshiba. Anayetaka kujaribu mwenyewe afanyeje? Weka hatua, mkuu, na usitufiche gharama.

#9 Mpimaji

Gharama ni karatasi, bahasha na uvumilivu. Watu wanaohitajika ni wanne, ukiacha wa tano wa pembeni nitakayemtaja, na hili ndilo linalowashinda wengi: mtunza picha, msimamizi, mtazamaji, mwamuzi. Mkiwa wawili fanyeni mazoezi tu, msiite jaribio.

Mtunza picha anatafuta picha 100 na kuzigawa vifurushi 20 vya picha 5. Ndani ya kifurushi kimoja picha ziachane mbali: maji mengi, jengo refu, mlima au jangwa, mashine, wanyama. Ukiweka fukwe mbili kwenye kifurushi kimoja umejichimbia shimo, mwamuzi atabahatisha. Zichapwe zote ukubwa mmoja, karatasi ya aina moja, printa moja. Kila picha ichapwe nakala mbili. Nakala ya kwanza ndiyo itakayoingia bahashani ikichaguliwa, ya pili ni ya mwamuzi. Mwamuzi asipewe kamwe picha iliyokwisha kushikwa, kwa sababu iliyokunjwa kona au yenye alama za vidole inajitangaza yenyewe.

Shabaha ichaguliwe kwa kete: 1 mpaka 5 ni picha, ikija 6 rusha tena. Msimwachie mtu achague "bila mpangilio" kichwani. Binadamu hukwepa kurudia namba iliyotoka karibuni, na mtazamaji anayemfahamu ataotea.

Bahasha: khaki nyepesi ukiiweka juu ya tochi ya simu picha inaonekana. Funga picha kwa karatasi ya foili ya jikoni, weka kipande cha katoni mbele na nyuma, tia ndani ya bahasha ya kwanza, hiyo nayo ndani ya nyingine. Saini ipite juu ya mfuniko na mkanda uwekwe juu ya saini. Mtunza picha akimaliza anaondoka na haonani na yeyote mpaka mwamuzi amalize. Asionane kweli, si "asiseme". Uso unasema.

Msimamizi anampa mtazamaji namba ya jaribio tu. Dakika 15 hadi 20, karatasi nyeupe, kalamu moja. Msimamizi haulizi "ni jengo?" anauliza "endelea, nini kingine". Karatasi zisiandikwe tarehe wala saa wala "kama ya jana". Mtazamaji akisema neno la namna hiyo, msimamizi analifuta kabla karatasi haijaenda kokote, na anaandika pembeni kwamba amefuta.

Halafu mwamuzi anapokea maelezo na nakala 5, anazipa nafasi 1 mpaka 5. Sare hairuhusiwi. Anasaini, anapiga picha karatasi yake, anaituma kwa mtu wa tano asiyehusika. Hapo ndipo bahasha inafunguliwa.

Uvujaji wa siku hizi una sura nyingine, na watu hawauoni. Mnatumiana picha kwa simu, jina la faili lina tarehe na namba ya mfululizo. Mwamuzi anaona faili nne za mwezi uliopita na moja ya jana saa 3 usiku. Kwisha. Hilo ni kosa la Menlo Park limevaa nguo mpya. Badilisha majina ya faili yote yawe A, B, C, D, E kwa kete nyingine, na uzipige skrini upya ili tarehe zilingane.

#10 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Hivi kubashiri yajayo si ndiko kugumu zaidi? Hapo bahasha ya nini wakati tukio halijatokea?

#11 Mpimaji

Dada, kugumu kuamini, lakini kusafisha ni rahisi zaidi! Tumia vifurushi vilevile ila geuza mpangilio: mtazamaji anaeleza, mwamuzi anapanga nafasi 1 mpaka 5 na kusaini, *halafu ndipo* kete inarushwa. Picha iliyotoka inaonyeshwa kwa mtazamaji. Hapo huhitaji foili wala kuwaficha watu, kwa sababu shabaha haijakuwepo mpaka kila kitu kimeshaandikwa. Hakuna cha kuvuja. Kinachobaki kulindwa ni kete tu na karatasi ya mwamuzi isibadilishwe. Kete irushwe na mtu wa tano ambaye hajaiona karatasi hiyo, mara moja, ndani ya kikombe, mbele ya kamera inayorekodi bila kukatwa.

SRI walifanya majaribio ya namna hiyo na mtazamaji Hella Hammid: alieleza kabla eneo halijachaguliwa. Yote manne yakaoanishwa sawa. Inasikika kubwa, lakini ni manne tu, na ukioanisha vitu vinne na vinne kwa kubahatisha unapata vyote mara 1 kati ya 24.

Kulinda karatasi: piga picha, ipitishe kwenye programu ya kutoa hashi ya SHA-256, upate mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ubandike hapa jukwaani. Ukibadilisha nukta moja kwenye faili mfuatano wote unabadilika. Ujumbe wa kundi la simu hautoshi kwa sababu unafutika.

#12 Hesabu Haidanganyi

Nachukua namba, maana hapa ndipo watu hujipa ushindi wa bure.

Kwa kifurushi cha picha 5, kupata nafasi ya kwanza kwa bahati ni 1 kati ya 5. Majaribio 20, bahati inakupa 4. Ukipata 6 usishangilie. Ukipata 7, uwezekano wa kufika hapo au zaidi kwa bahati ni karibu 8.7%. Inabidi 8, ambapo unashuka hadi 3.2%, chini ya mpaka wa kawaida wa 5%. Kwa majaribio 40, bahati inakupa 8 na unahitaji 13.

Njia bora ni kujumlisha nafasi zote, kwa sababu nafasi ya pili nayo ina taarifa. Wastani wa bahati ni 3, mkengeuko sanifu (kadiri matokeo yanavyotawanyika) wa jaribio moja ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414. Majaribio 20: jumla ya bahati ni 60, mkengeuko wake 6.3. Unatafuta jumla ya 49 au chini. Ukubwa wa athari ni 3 kutoa wastani wako, gawa kwa 1.414. Mfano wastani wako ni 2.7: (3 − 2.7) ÷ 1.414 = 0.21.

Sasa sikilizeni hii. Ukubwa wa athari uliodaiwa na maabara za Marekani kwa jumla ni karibu 0.2. Chukulieni ni kweli upo. Kwa majaribio 20 nafasi yako ya kuugundua ni kama 23% tu. Ili uwe na nafasi ya 80% unahitaji majaribio kama 155. Kwa hiyo anayefanya 20 akapata sifuri hajakanusha kitu, na anayefanya 20 akapata 9 hajathibitisha kitu. Wote wawili wamepoteza bahasha.

Idadi ya majaribio itangazwe kabla ya la kwanza. Ukiangalia matokeo kila jaribio na kusimama pale yanapopendeza, ile 5% yako ya kukosea inapanda mara kadhaa bila wewe kudanganya popote.

Jingine ni kundi kuangalia shabaha moja. Watu 10 wakieleza picha ileile, hayo si majaribio 10. Ikiwa ni masika na wote wana mvua kichwani, wote wataandika maji, na shabaha ikiwa ziwa "wote wamepata". Kila mtazamaji apewe shabaha yake.

#13 Bahasha Khaki

Na zile "hatua sita" za kijeshi wanazouza kozi mtandaoni? Zinaongeza chochote?

#14 KijanaWaMaabara

Ni mfumo wa Swann, mwongozo wake wa kijeshi ni wa mwaka 1986. Mwanzoni mtazamaji alipewa latitudo na longitudo, wakaona mtu anayejua ramani anaweza kukisia bahari au jangwa, baadaye zikawekwa namba za nasibu, kwa kawaida makundi mawili ya tarakimu nne.

Hatua ya kwanza: unasomewa namba, mkono unachora mstari wa haraka, unaandika ulivyohisi mwendo wake na jibu la kwanza (ardhi, maji, jengo). Ya pili ni hisia: rangi, harufu, joto, sauti, mguso. Ya tatu ni mchoro wa vipimo. Ya nne ni safu za maneno, pamoja na mihemko na mambo yasiyoshikika. Ya tano ni kuchimbua neno moja moja. Ya sita ni kufinyanga kwa udongo.

Kitu cha maana humo ni kimoja. Akili ikirukia jina la kitu, "mnara wa Eiffel", unaliandika pembeni kama tafsiri ya akili, unaweka kalamu chini, unapumzika, unarudi kwenye hisia. Kinasaidia mwamuzi, kwa sababu "chuma, kirefu, wazi katikati" inalinganishika na picha 5, wakati "mnara wa Eiffel" ni ama umepata ama umekosa. Kwamba hatua hizo zinaongeza usahihi kuliko mtu kukaa tu na kuchora, hilo halijaonyeshwa kwa jaribio safi. Fedha ya kozi nunua karatasi.

#15 Jicho la Tatu Dar

Wakuu mnazunguka sana. Naomba kitu kimoja: naweza kutumia hii kwenye mkeka?

#16 Hesabu Haidanganyi

Nilijua utafika tu 😂

Utaratibu upo: wenye fani huunganisha picha na matokeo. Chukua soko la pande mbili, mfano magoli 3 na zaidi dhidi ya 2 na chini. Ushindi, sare na kufungwa ni pande tatu, utahitaji picha tatu na makosa yanaongezeka. Mtu wa kwanza anachagua picha mbili zinazoachana sana na kuzipa matokeo kwa sarafu. Mtazamaji haambiwi mechi, anaambiwa tu "eleza picha utakayoonyeshwa kesho saa 4 asubuhi". Mwamuzi, naye bila kujua picha ipi ni ya matokeo yapi, anazipa alama 0 mpaka 7. Picha bora isipofika 4, au tofauti isipofika 2, mnapita, hamchezi. Baada ya mechi mtazamaji anaonyeshwa picha ya matokeo yaliyotokea tu.

Targ na Keith Harary walifanya hivyo na bei ya fedha, yale madini, mwaka 1982. Utabiri 9, sahihi 9. Kwa bahati ni 1 kati ya 512. Walipojaribu tena baadaye, haikufanya kazi. Maelezo wanayopenda wenye fani ni kwamba mtazamaji "aliteleza" akaeleza picha ya pili badala ya sahihi. Nawasihi mwogopeni neno hilo: ukipata umepata, ukikosa umeteleza, basi hakuna matokeo yanayoweza kukukanusha.

Sasa hesabu ya kampuni ya kubeti. Odi 1.85 kila upande. Ili usipoteze lazima upatie 1 gawa kwa 1.85, yaani 54.05% ya mikeka yako. Matokeo maarufu kuliko yote ya kubashiri yajayo, ya mwanasaikolojia Daryl Bem, ni 53.1%. Hata Bem angekuwa sahihi kabisa, kampuni ingemla.

#17 Mwana wa Kisauni

Huyo Bem ndiye yule wa Chuo Kikuu cha Cornell? Tuelezeeni.

#18 KijanaWaMaabara

Ndiye. Mwaka 2011, jarida kubwa la saikolojia ya jamii, majaribio 9, washiriki zaidi ya 1,000. La kwanza: skrini ina mapazia mawili, nyuma ya moja kuna picha, chagua. Kompyuta inapanga picha ilipo *baada* ya kuchagua. Washiriki 100. Kwenye picha za ngono walipatia 53.1%, kwenye zingine hakuna kitu.

Kasoro unaiona ukisoma sehemu ya utaratibu taratibu. Washiriki 40 wa mwanzo walipewa aina tatu za picha, 12 kila aina. Wale 60 waliofuata walipewa mgawanyo mwingine, 18 za ngono na 18 zisizo za ngono. Utaratibu umebadilishwa katikati ya safari. Aina za picha zikiwa kadhaa, na vipimo kadhaa, mojawapo itapita 5% kwa bahati.

Mwaka 2012 Stuart Ritchie, Richard Wiseman na Christopher French walirudia jaribio la 9 mara tatu, hawakupata. Mwaka huohuo Galak na wenzake walifanya majaribio 7, washiriki 3,289, hawakupata. Lakini ninaloliheshimu zaidi ni la 2023, la Zoltan Kekecs na wenzake: maabara 10, waumini na wapinzani walikubaliana utaratibu kabla, na kila jibu la mshiriki lilitumwa moja kwa moja kwenye hifadhi ya wazi ili mtu asiweze kugusa data. Majibu 37,836. Yaliyokuwa sahihi ni 49.89%, bahati ikiwa 50%.

Hapo hakukuwa na mwamuzi wa kibinadamu hata mmoja.

#19 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Na ndoto? Wengi humu hawana habari na bahasha, wana ndoto.

#20 Mpimaji

Ndoto ndizo ngumu kupima, kwa sababu hakuna aliyeandika ambazo hazikutimia. Baada ya maporomoko ya Aberfan, Wales, 21 Oktoba 1966, waliokufa 144, watoto 116, daktari wa akili John Barker aliomba watu walioota au kuhisi kabla wamwandikie kupitia gazeti la London. Zikaja barua 76. Uingereza ina mamilioni ya watu wanaoota kila usiku. Barker mwenyewe aliiona kasoro hiyo, ndiyo maana mwaka uliofuata ikafunguliwa ofisi ya kupokea maono *kabla* ya matukio.

Nyumbani fanya hivi. Andika ndoto ukiamka kabla hujawasha simu, kwani habari za usiku zinaingia kichwani kupitia taarifa za skrini. Mpe mtu mwingine aichape bila tarehe. Yeye atafute kurasa za mbele za gazeti moja: la siku ya pili yake, na la siku ileile ya wiki inayofuata. Akate tarehe, afute mambo yaliyopangwa kama mechi, bajeti na uchaguzi. Mwamuzi anapewa ndoto na kurasa mbili, achague ipi inafanana. Bahati ni nusu. Ndoto 30, unahitaji 20. Usitumie gazeti la jana yake, maana ndoto huokota mambo ya jana na utakuwa unapima kumbukumbu.

Shajara ya maisha yako binafsi usiitumie. Aliyeota akijua ndoto yake ataandika tukio linalofanana na kuacha mengine 50.

#21 Jicho la Tatu Dar

Kwa hiyo wapiga ramli nao tuwawekee bahasha?

#22 Mpimaji

Mpiga ramli ana mteja mbele yake: mavazi, lafudhi, alivyoshtuka ukitajwa ugonjwa. Mtoe mteja, mwache msaidizi alete namba tu, majibu matano yachapwe bila majina, na wateja watano kila mmoja achague lake. Akikubali masharti hayo, mlete tumpimie.

#23 Bahasha Khaki

La mwisho kwangu, mkuu. Jaribio likiharibika katikati, umeme ukakatika au mtazamaji akaumwa kichwa, linahesabiwa?

#24 Mpimaji

Linafutwa ikiwa tu msimamizi ameandika "limefutwa" na sababu *kabla* bahasha haijafunguliwa au kete haijarushwa, na akabandika picha ya karatasi hiyo hapa. Likishafunguliwa linahesabiwa, hata kama mtazamaji alisinzia. Picha iliyomo kwenye bahasha ya jaribio lililofutwa irudi kwa mtunza picha ikiwa imefungwa vilevile, na kifurushi chote kile cha picha 5 kiwekwe kando, kisitumike tena na mtazamaji huyo.

Orodha ya vifurushi 20 vilivyopangwa nitaibandika Jumamosi. Anayejitolea kuwa mwamuzi asiifungue.